Mkalimani wa Edina

Siku aliyompeleka mkewe kazini kwa mara ya kwanza, Wilbard alivaa shati alilofungia ndoa. Edina alimcheka wakiwa kwenye treni.

"Wili, tunakwenda kazini au kanisani?"

Wilbard akajibu kwamba laoban ni mtu wa kuangalia mavazi. Haikuwa kweli. Laoban ndivyo watu wa Guangzhou wanavyomwita bosi, na bosi wake, Bi. Liang, alishinda akiburuza ndala na kuvaa koti kuukuu la mwanawe wa kiume. Wilbard alivaa lile shati kwa sababu alitaka mkewe amwone mahali ambapo watu wanamhitaji.

Na kweli walimhitaji. Alizaliwa Muleba, akaja Guangzhou kwa ufadhili kusoma uhandisi wa umeme, na wenzake walipofunga mabegi kurudi nyumbani, yeye alibaki. Karakana ya Liang ilikuwa ghorofa ya juu ya jengo moja nyuma ya Yide Lu, mtaa wa maduka ya jumla ya vitu vya kuchezea. Chini waliuza maputo na wanasesere, jirani yao waliuza uduvi na pweza wakavu, na ukipanda lifti harufu ile ulipanda nayo hadi mezani pako. Liang alijua Kikantoni na Kimandarini tu. Wateja wake walikuwa Poland, Ufilipino na Brazili, na wote waliandika Kiingereza. Katikati yao alisimama Wilbard. Mteja akilalamika, alilalamika kwa Wilbard. Laoban akitaka kujua mteja anataka nini, alimwita Wilbard. Miaka ikapita hivyo, naye akazoea kusikia jina lake likiitwa tangu anapoingia mlangoni.

Karakana ilitengeneza kitu kimoja: bodi za triga za bunduki za mchezo, zile zinazorusha vigololi vya plastiki, ambazo watu wazima huko nje huvaa miwani na kuwindana nazo msituni siku za mapumziko. Bunduki zenyewe haziruhusiwi mjini humu, kwa hiyo Wilbard hakuwahi kushika hata moja nzima. Alichokuwa nacho mezani ni giaboksi tupu iliyobanwa kwenye jiliwa, bila mtutu, bila vigololi. Ndani yake waliweka ile bodi, ndogo kama kipande cha biskuti, yenye macho mawili ya mwanga: moja linaangalia triga imesogea kiasi gani, jingine linaangalia gia imefika wapi. Ukivuta triga, bodi inaiambia mota izunguke, gia zinavuta springi, springi inaachiwa, kisha bodi inaiambia mota isimame. Kazi ya Wilbard ilikuwa kuiseti hiyo bodi kwa kompyuta: triga iitikie mapema au ichelewe, springi ibaki imevutwa nusu au ilegee, breki ishike kwa nguvu gani.

Kwa mota za zamani, zenye kaboni za kupitishia umeme ndani, kazi hiyo ilikuwa rahisi na Wilbard aliifanya huku akipiga mluzi. Kisha zikaja mota zisizo na kaboni. Hizi zina nguvu, zinaitikia upesi, na zina ubongo wao wenyewe. Ukiisahau breki ya bodi ikiwa imewashwa, ubongo wa bodi na ubongo wa mota vinagombana, na mota inaungua mkononi mwako. Ukiizima breki bila kurekebisha mengine, gia inapitiliza na bunduki inapiga mara mbili badala ya mara moja. Oda za mota hizo zilikuja nyingi, meza ya Wilbard ikajaa, na siku moja Liang akamwuliza kama anamfahamu mtu mwenye elimu ya elektroniki na Kiingereza kizuri.

Wilbard hakufikiri mara mbili. Edina alikuwa ameingia Guangzhou majuzi tu. Kule Arusha alikuwa fundi wa mifumo ya sola, na mtu aliyezoea kupanda juu ya mapaa alikuwa sasa anashinda chumbani akihesabu magari dirishani. Liang alishughulikia kibali chake cha kazi, na ndipo Wilbard akapiga pasi shati la ndoa.

Kwa muda mfupi alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Yide Lu. Alimwonyesha Edina meza, akamtambulisha kwa Huang ayi, yaani shangazi Huang, mama wa kuchomelea waya aliyekuwa akiimba taratibu juu ya moshi wa risasi ya kulehemu, akamfundisha kila kitu alichokijua. Mkewe alimuuliza maswali, naye alijibu. Wakati mwingine alijibu kwa sauti kubwa kidogo ili wengine wasikie.

Edina alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Aliweka kidole kwenye triga, akafumba macho, akavuta kidogo, kidogo, kidogo, mpaka giaboksi ikapiga. Kisha akabadilisha tarakimu kwenye kompyuta na kufumba macho tena. Wilbard aliseti bodi kwa kufuata jedwali. Edina alilifuata jedwali hadi mahali fulani, kisha akaliacha akaendelea kusikiliza.

Asubuhi moja Liang alisimama nyuma yake na kikombe cha chai mkononi. Alitazama muda mrefu. Kisha akasema kwa Kichina, "Mkono wake ni wen. Wen kabisa. Sijapata kuona mkono kama huu humu ndani." Akamgeukia Wilbard. "Mwambie."

Neno wen maana yake ni imara, kitu kilichotulia kisichoyumba. Wilbard alilijua tangu mwaka wake wa kwanza wa lugha. Alifungua kinywa kulitafsiri, na nia yake ilikuwa kusema hivyohivyo. Lakini palepale likamjia wazo kwamba katika miaka yote aliyokaa mezani pale, Liang hakuwahi kusimama nyuma yake na kikombe cha chai. Alikuwa amemwita, amemtuma, amemshukuru. Mkono wake hakuwahi kuutazama.

"Anasema mkono wako uko polepole," akasema.

Edina akageuka. "Polepole?"

"Wen. Ndiyo neno lenyewe. Usijali, kila mgeni huanza hivyo."

"Basi nitaongeza kasi. Mwambie nitaongeza."

"Amesemaje?" Liang akauliza.

"Amesema ahsante," Wilbard akajibu.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini hawakutumia simu, maana siku hizi simu inatafsiri kila kitu. Walitumia, lakini kwa mambo madogo. Liang hakuiamini tangu ilipotafsiri kaboni ya mota kuwa makaa ya kuchomea nyama na mteja akadhani anatukanwa. Isitoshe, kwa nini uhangaike na simu wakati mume wa mtu amesimama pale pale?

Wilbard alijiambia kwamba ilikuwa imemtoka tu, na kesho angerekebisha. Kesho yake Liang alipita tena, akasema wen tena, akicheka. Edina alilitambua neno, akainamisha kichwa. Jioni ile aliomba bodi moja mbovu pamoja na triga yake aende nayo nyumbani, akaifunga kwenye kipande cha ubao, akakaa nayo dirishani akivuta triga upesi upesi, tiki-tiki-tiki, kama mtu anayejifunza taipu. Alifanya hivyo kila jioni kabla ya kupika. Ncha ya kidole ikamvimba, ngozi ikachubuka. Wilbard alishuka dukani kumnunulia plasta, akamfunga mwenyewe, akambusu kiganja. Alikuwa na maneno mawili tu ya kusema, na yangemaliza kila kitu. Hakuyasema. Alipokuwa anamfunga ile plasta alihisi huruma, lakini chini ya huruma palikuwa na utamu fulani, na utamu ule ulimtia hofu.

Tangu hapo akawa hawezi kutulia. Alikaa mezani pake masikio yakiwa mezani kwa mkewe. Liang akicheka upande ule, alitaka kujua anacheka nini. Huang ayi akimmenyea Edina chungwa, alihesabu ni lini mara ya mwisho alimenyewa yeye. Mteja wa Poland akiandika kwamba bodi za safari hii zinaitikia vizuri kuliko zote alizopata kununua, Wilbard alikimbilia kwenye daftari la oda kuangalia nani aliziseti, ingawa alikwisha jua. Alianza kuiga. Edina akiwa ameenda chooni, alijaribu kufumba macho kama yeye na kuvuta triga kidogo, kidogo. Hakusikia chochote isipokuwa moyo wake mwenyewe. Huang ayi akamtazama, naye akajifanya ana usingizi.

Kisha akatokea Mbrazili. Alikuwa na duka la vifaa vya mchezo huo, na alipenda kupiga simu ya video kuliko kuandika. Zamani alimpigia Wilbard. Sasa alisema, kwa adabu kabisa, "Naomba kuzungumza na yule mama." Alikuwa mwanamume mzuri wa sura, ana ndevu zilizochongwa, na alikuwa akicheka meno yote nje. Wilbard alimwona kwenye kioo cha simu akamchukia, na ajabu ni kwamba kumchukia kulimpa nafuu. Wivu wa mume juu ya mke una heshima yake. Mtu anaweza kuusema mbele za watu, na watu wakamwelewa.

Akamwambia Abdulrazak. Huyu alikuwa rafiki yake wa Kariakoo, mfanyabiashara aliyekuja Yide Lu kununua midoli, madaftari na kalamu za rangi kwa maduka ya nyumbani, na kila akija hakosi kupanda kuwasalimia. Siku hiyo alikuwa amekaa karakanani akisubiri mzigo wake, Edina akiwa kwenye simu na Mbrazili. Baadaye Wilbard na Abdulrazak wakashuka kula tambi kwenye mgahawa wa Waislamu wa Lanzhou.

"Umeona?" Wilbard akasema. "Umeona anavyomchekea?"

"Nimeona. Nimesikia pia." Abdulrazak alikuwa akipuliza mchuzi. "Walikuwa wanaongea habari za breki, kaka. Breki na springi. Kama hayo ni mapenzi, basi mimi na wakala wangu wa makontena ni wachumba."

Wilbard hakucheka.

"Kitu kimoja tu kimenishangaza," Abdulrazak akaendelea. "Mtu akimwonea wivu mke wake, humtazama yule mwanamume. Wewe muda wote ulikuwa unamtazama shemeji. Tena si usoni. Mikononi."

Wilbard akasema tambi zimepoa, wakaondoka.

Lakini maneno yale yalikuwa yamemwingia. Usiku hakulala vizuri. Alijua sasa kwamba hata Mbrazili angefutika duniani, donge alilokuwa nalo moyoni lingebaki palepale. Na kwa kuwa hakuweza kumwambia mtu yeyote kwamba anamwonea kijicho mwanamke anayelala ubavuni pake, ambaye yeye mwenyewe alimshika mkono na kumleta, alilimeza akanyamaza. Donge likazidi kukua.

Wiki chache baadaye, wakiwa wote watatu mezani, Liang alimwita Wilbard asogee. Alikuwa amevaa viatu siku hiyo badala ya ndala, na Wilbard akajua kuna jambo.

"Mwambie mke wako hivi," Liang akasema. "Nataka awe mkuu wa meza ya majaribio ya mota mpya. Mota zote zisizo na kaboni zipite mkononi mwake kabla ya kutoka. Na mwezi ujao kuna maonyesho Manila. Nataka twende naye, wateja wamwone akifanya kazi."

Wilbard hakuwahi kupelekwa maonyesho yoyote. Siku zote aliachwa ajibu simu.

Akamgeukia Edina, akasema kwa Kiswahili, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo: "Anasema mwezi ujao kuna maonyesho Manila, watu watapungua hapa. Kwa hiyo uongeze kasi, na makosa yapungue."

"Makosa gani?" Edina akauliza. "Aniambie ni bodi ipi, niirudie."

Wilbard akamgeukia Liang. "Anashukuru sana, laoban. Lakini anasema hawezi. Cheo hicho kitamwelemea."

Liang alikunja uso. Akamtazama Edina, kisha Wilbard. "Mwulize tena. Kweli hataki?"

"Je, umekasirika?" Wilbard akamwuliza mkewe.

Edina akatikisa kichwa, hapana.

Liang aliona kichwa kile kikitikiswa. Akashusha pumzi, akaweka kikombe mezani kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Haya. Wewe unajua Kiingereza, wewe unazijua bodi. Twende wewe na mimi."

Kwa hiyo Wilbard alipata safari. Alipomwambia Edina nyumbani kwamba laoban amemchagua kwenda Manila, Edina alimrukia shingoni. Alimpigia pasi mashati. Alimtafutia kwenye simu hali ya hewa ya huko, akamwambia asisahau mwavuli. "Umestahili, Wili. Miaka yote hiyo." Na Wilbard, badala ya kuona aibu, aliona hasira. Ilimuuma kwamba mkewe anaweza kufurahia kheri ya mwingine bila kujilazimisha, kitu ambacho yeye hakuweza. Hata wema ule akauonea wivu. Akamwambia ghafla kwamba kola imekunjwa vibaya.

Ukweli ulimfikia Edina kwenye ngazi za umeme za stesheni. Kila siku, mtu akikanyaga ngazi zile, sauti ya kike kwenye spika husema maneno yale yale: qing zhan wen, fu hao. Alikuwa ameyasikia tangu alipofika na hayakuwa na maana kwake, kama kelele ya feni. Asubuhi hiyo Wilbard alikuwa amewahi kutoka kushughulikia safari ya Manila, naye Edina alikuwa peke yake, akiwaza kasi yake na makosa yake, na neno lile likamchoma sikio. Wen. Neno lake. Alijua kwamba zhan ni kusimama, maana alikwisha jifunza hilo. Simama polepole? Mtu anasimamaje polepole? Akapanda tena, akashuka tena, akasikiliza. Ilikuwa ni wen yenyewe.

Mchana walipokuwa wakila, alimwuliza Huang ayi. Hakuwa na sentensi, alikuwa na neno tu na kidole. "Wen?" akasema. "Nini?"

Huang ayi alifikiri kidogo huku akitafuna. Kisha akashika meza yao ya kulia, ambayo mguu mmoja ulikuwa mfupi, akaitikisa. "Bu wen," akasema, akitikisa kichwa. Akachukua kipande cha boksi, akakikunja, akakisukuma chini ya mguu ule. Akatikisa tena, meza ikakaa kimya. "Wen," akasema. Kisha akaushika mkono wa Edina, ule wenye plasta, akaunyoosha hewani juu ya bakuli la wali. Haukutikisika. "Wen!" akasema, akacheka, akaurudisha taratibu.

Edina aliendelea kula. Huang ayi alisimulia baadaye kwamba yule binti alikula wali wote hadi punje ya mwisho bila kuinua macho, na kwamba alidhani amemfurahisha.

Hakumwambia mumewe kitu siku hiyo. Kesho yake Liang alipopita na kikombe chake, Edina aliinuka. Wilbard alikuwa meza ya pili akipanga sampuli za Manila.

"Laoban," Edina akasema kwa Kichina chake cha kuokoteza. "Mkono wangu, man?"

Man ndiyo polepole. Alikuwa amelitafuta usiku uliopita.

"Man?" Liang akashangaa. "Nani kasema man? Si man hata kidogo! Wen! Kila siku nasema wen!" Akamgeukia Wilbard ili atafsiri, kama alivyozoea. Wilbard hakutafsiri. Alikuwa ameshika sampuli mbili mkononi na hakujua pa kuziweka.

Edina alitoa simu yake, akaisogelesha mdomoni, akasema kwa Kiingereza, neno moja moja ili isikosee. "Siku ulipozungumza habari za Manila, uliniambia nini?"

Simu ikasema Kichina. Liang akaisikiliza, akaichukua, akaijibu, na simu ikasema Kiingereza mbele ya karakana nzima: kwamba alimwomba awe mkuu wa meza, kwamba alimwomba waende wote, naye Edina akakataa kwa kutikisa kichwa. Wimbo wa Huang ayi ukakatika.

Liang alikuwa mfanyabiashara, na wafanyabiashara wa mtaa ule hawashangai upesi. Alimtazama Wilbard kama mtu anayetazama mota iliyoungua, akitafuta imeanzia wapi. "Nilidhani ungejivunia," akasema. "Ningekuwa mimi, ningejivunia." Kisha akamwambia ashuke chini akawasaidie watu wa kufunga mizigo, na tangu saa ile asitafsiri tena neno lolote la mkewe, liwe la kuja au la kwenda.

Walirudi nyumbani pamoja, viti vya jirani kwenye treni. Edina alipika. Alipakua sahani mbili. Walipokaa ndipo akasema.

"Kama ungekuja ukaniambia una wivu na yule Mbrazili, ningecheka. Ningekuambia basi ongea naye wewe. Lakini hili, Wilbard, hili sijui hata naliitaje."

"Edi, nilikuwa nataka kukuambia."

"Lini? Uliponifunga plasta?"

Wilbard akaweka kijiko chini.

"Nilikuwa nakaa pale dirishani kila jioni, kidole kinatoka damu, nakimbiza kitu ambacho hakuna aliyeniomba. Na wewe ulikuwa umekaa hapo. Unanitazama."

"Hakuwahi kuniambia mimi," Wilbard akasema. Sauti ilimtoka kama ya mtoto, naye mwenyewe aliisikia. "Miaka yote ile. Hakuwahi kusimama nyuma yangu. Wewe umekuja juzi."

"Kwa hiyo ukanizibia masikio."

"Ndiyo."

Edina alisukuma sahani. "Mimi pia nilikuonea wivu. Hukujua? Nilikuwa nakusikia unaongea Kichina, unawachekesha watu, wanakuita huku na huku, na mimi nimekaa kama mzigo uliosahauliwa stoo. Niliumia sana. Lakini sikukata ulimi wako." Alilia kidogo, si sana, kisha akaosha vyombo. Wilbard alitaka kuvipangusa, akamwambia aviache.

Edina ndiye aliyekwenda Manila. Kabla ya kuondoka alihamia kwa muda kwa Rozina, mwanafunzi wa Kitanzania waliyekuwa wakisali naye, na hakusema atarudi lini. Wilbard aliacha kazi kwa Liang kabla hajafukuzwa. Abdulrazak ndiye aliyemtafutia nyingine, kwa mnunuzi wa jinzi aliyefahamiana na karakana za Xintang, mji wa kushona jinzi nje ya Guangzhou. Huko vyerehani vyote sasa vinaendeshwa na mota zisizo na kaboni, na vyote vinahitaji mtu wa kuziseti: sindano isimame juu au chini, mguu ukikanyagwa kidogo kitambaa kiende kwa mwendo gani. Kazi aliimudu. Mafundi wa kike wa pale walimwita wakati mota inapogoma, na ikipona waliendelea kushona bila kumtazama. Siku moja msimamizi alimsifu fundi mwingine, kijana wa Sichuan, kwa namna alivyotuliza cherehani cha kushonea mikanda. Wilbard alihisi lile donge likipanda kooni, jipya kabisa, kana kwamba halikuwahi kuondoka. Alitoka nje akasimama kwenye ngazi, kati ya marobota ya jinzi, mpaka likashuka. Hapo alitambua kwamba ugonjwa ule hakuupata kwa Edina. Alikuwa nao tangu zamani, na Edina alikuwa tu mtu wa karibu kuliko wote.

Siku mkewe aliporudi, hakumwomba aende kumpokea. Alimtumia namba ya ndege tu, bila neno jingine. Wilbard akaenda. Alisimama kwenye kizuizi na watu wenye mabango, akamwona akitoka na Liang, wakizungumza, Liang akitumia mikono na Edina akijibu kwa maneno yake machache, wakicheka. Liang alimpa Wilbard ishara fupi ya kichwa, akaenda zake kwenye teksi.

Kwenye treni ya kurudi mjini, Edina alianza kusimulia. Alisema watu walipanga foleni mbele ya meza yao. Alisema mzee mmoja mwenye duka kule Cebu alikuja na giaboksi yake iliyomshinda, ikipiga mara mbili mbili, na yeye akaizima breki, akashusha mwendo wa kuanzia, akafumba macho, ikapona, na watu wakapiga makofi. Alipokuwa akisema alisahau kwamba wamekosana, akawa anaonyesha kwa kidole hewani.

Wilbard alisikiliza.

"Edi," akasema. "Ngoja kidogo. Nina wivu."

Edina akakatisha.

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Tangu ulipotaja makofi."

"Unataka ninyamaze?"

Wilbard alifikiri. Treni iliingia stesheni, watu wakashuka, wengine wakapanda, milango ikafungwa.

"Hapana," akasema. "Huyo mzee wa Cebu. Mota yake ilikuwa ya aina gani?"

Edina alichelewa kidogo, kisha akamweleza.